Mashine ikijiwasha yenyewe, mkono wa nani utalipa?

Wanainchi wenzetu, vijana wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kasumbalesa,

Mji wetu unajengwa. Toka Kamalondo mpaka Ruashi, toka Katuba mpaka mwisho wa komini Annexe, kila upande kuta zinapanda: duka, shule, kanisa, nyumba za kupangisha. Kila ukuta uko na matofali ao mabloki ya simenti. Na kila tofali limepita kwa mikono ya mtu. Leo tunataka kusema juu ya huyo mtu.

Tunasema bila kuzunguka: mashine zinazotengeneza matofali, mabloki na kokoto katika mji wetu zinapashwa kubadilishwa ao kutengenezwa upya, juu zinakata vidole, zinaponda mikono na zinajaza mapafu ya vijana vumbi. Na kazi ya kuzitengeneza haiombi pesa nyingi vile wanavyotuambia. Sehemu kubwa inaweza kufanyika katika msimu huu huu.

Wengi kati yetu tuko na diploma. Tulimaliza chuo kikuu, tukapiga picha na toge, kisha tukaanza kuzunguka na bahasha ya CV chini ya kwapa. Kiangazi kikifika, wakati udongo wa vichuguu unachimbwa na matofali yanaanikwa kila mahali, tunaenda kufanya kibarua kama vijana wengine wote. Hatuoni haya. Kazi ni kazi. Lakini mtu aliyesoma akisimama mbele ya mashine mbovu anaona kitu ambacho patroni hataki kuona: ajali yenyewe imeshatengenezwa mbele, inangojea tu saa yake.

Kuran ikirudia

Tuanze na kitu ambacho kila kijana wa Lubumbashi anajua. Umeme unakatika. Mashine ya mabloki inasimama katikati ya kazi, simenti na muchanga viko ndani. Mtu anafanya nini? Anaingiza mkono kwa kusafisha mbele simenti haijakauka. Hapo mtaa mzima unapiga kelele ya furaha: "Kuran imekuya!" Na mashine inaanza kuzunguka, mkono ukiwa ndani.

Mwenzetu mmoja, mwenye diploma kama sisi, alipoteza vidole viwili namna ile. Shantie ile hatutaitaja hapa, juu shida haiko ya shantie moja tu. Walimpeleka lopitali kwa pikipiki. Patroni alilipa bandeji za siku ya kwanza. Kisha wiki moja, kijana mwingine alikuwa anasimama mahali pake, mbele ya mashine ileile na swichi ileile.

Watu walisema: bahati mbaya. Wengine walisema: hakuwa makini. Sisi tunakataa. Ile haikuwa bahati mbaya, ilikuwa swichi mbaya. Mashine nyingi za kwetu zinawashwa na swichi ya kawaida ya kupandisha na kushusha. Umeme ukikatika, swichi inabaki juu. Umeme ukirudia, mota inaanza bila kuuliza mtu.

Dawa yake inajulikana toka zamani. Inaitwa kontakta: kifaa kidogo cha umeme kinachoachilia chenyewe wakati kuran imekatika, na hakishiki tena mpaka mtu abonyeze kifungo cha kuwasha. Kinaendana na kifungo kikubwa chekundu cha kusimamisha, pale mkono wa mfanyakazi unaweza kufika haraka. Kila fundi umeme aliyesoma anajua kuvifunga. Vinauzwa mjini kwetu, na bei yake ukiweka karibu na bei ya mashine ni kitu kidogo sana. Basi juu ya nini havipo? Juu hakuna mtu anayemuomba patroni avifunge, na hakuna anayemuazibu akikosa kuvifunga.

Ni vilevile kwa mikanda ya mota na meno ya gia. Betoniera na konkasera nyingi zinazunguka wazi, mukanda uko nje, karibu na suruali ya mtu na shati lake. Kifuniko cha bati na nondo kidogo, fundi wa kuchomelea anakimaliza kwa siku moja. Kwa presi za kushindilia tofali, inchi nyingi wanatumia mtindo wa vifungo viwili: presi haishuki mpaka mikono yote miwili iko inabonyeza, kila mmoja kwa kifungo chake. Mikono miwili ikiwa kwa vifungo, hakuna mkono unaobaki chini ya presi. Ni akili ndogo tu, lakini inaokoa watu.

Vumbi ambalo hatulioni

Kidole kikikatika, watu wote wanaona damu. Vumbi linaua bila damu.

Jiwe likivunjwa, muchanga ukichekechwa, tofali kavu likikatwa, ndani ya lile vumbi mnaweza kuwa silika, ile inayotoka kwa kwarsi. Lile tunaloliona likitua kwa nyusi na nywele si lenyewe baya zaidi. Baya zaidi ni lile dogo sana, jicho haliwezi kulishika, linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na kubaki pale. Mapafu yanafanya makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponyesha. Tena mtu mwenye silikosisi anakamatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Hapa kwetu, kijana akikohoa miezi na miezi, tunasema ni TB, wengine wanasema ni uchawi, na hakuna anayeuliza: alifanya kazi gani miaka kumi iliyopita?

Jirani zetu wa Afrika Kusini walijifunza kwa maumivu. Wafanyakazi wa migodi ya zahabu walipumua vumbi la silika miaka mingi, wakarudi kwao kufa polepole. Mwaka 2019 korti kuu ya Johannesburg ilikubali mapatano ambayo makampuni yalikubali kulipa karibu miliari 5 za randi kwa wagonjwa na familia zao. Pesa ile haikurudishia mtu hata pumzi moja. Marekani, mwaka 2016, waliweka kipimo: mfanyakazi asipumue zaidi ya mikrogramu 50 za silika katika meta kibe moja ya hewa, kwa siku ya kazi ya saa 8. Kitu kidogo namna ile kinatosha kuua.

Dawa ya kwanza hapa ni maji. Konkasera yenye bomba linalonyunyizia maji pale jiwe linapoingia na pale kokoto inapotoka inatoa vumbi kidogo sana kuliko ile kavu. Kifuniko juu ya chekecheke, na mahali pa kazi ambapo upepo unapeleka vumbi mbali na watu: hivi vyote ni vya kawaida. Kitambaa tunachofunga kwa pua hakizuii lile vumbi dogo. Kinatupatia roho ya kutulia tu. Barakoa ya kweli, ile yenye kichujio, inasaidia, lakini inakuja nyuma ya maji na kifuniko. Haiwezi kushika nafasi yao.

Mufuko wa kilo 50 na simenti mbichi

Simenti yetu inatoka sehemu mbalimbali. Kumekuwa na ya Lubudi, kiwanda cha toka wakati wa Wabeleji. Kumekuwa na iliyoingia kwa Kasumbalesa kutoka Zambia. Yote inafika katika mufuko wa kilo 50, na yote inapanda kwa kichwa ao bega la kijana. Mufuko mmoja si kitu. Hesabu mifuko ya lori moja, kisha hesabu malori ya wiki. Uingereza walishaacha mufuko wa kilo 50 kwa kazi ya mikono, wakaenda kwa wa kilo 25. Walikuwa na nguvu kama sisi, lakini mugongo ni mugongo. Kwa kungojea mifuko midogo, toroli na ubao wa kuteremshia ni vitu vya kutengenezwa hapahapa.

Simenti ikipata maji inachoma. Haichomi kama moto, unaweza kukaa saa nyingi bila kusikia kitu, na jioni ngozi iko inatoka. Ndani ya simenti mnaweza kuwa pia kromu ya aina inayoleta vidonda na mwasho usiopona. Toka Januari 2005, inchi za Umoja wa Ulaya zinakataza simenti ambayo ile kromu inapita sehemu 2 katika milioni moja, na viwanda vinaongeza kitu cha kuipunguza. Sisi huku tunaishika na mikono mitupu, tunaikanyaga na kandambili, kisha tunashangaa juu ya nini miguu yetu iko hivi. Glovu za mpira, buti, na maji safi ya kunawa karibu na kazi: mfanyakazi asiombe hivi kama zawadi.

Sheria iko, iko inalala

Kuna watu watasema: Congo haina sheria za haya. Iko nazo.

Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mcongomani, na Leta inalinda haki ya kazi yenye kumpatia mtu maisha yenye heshima. Kode ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamwambia mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake, na inampa inspekta wa kazi haki ya kuingia mahali pa kazi kuangalia. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayopanga usalama wa jamii, na ndani yake muna sehemu ya ajali na magonjwa ya kazini. Mwajiri analipia sehemu ile kwa CNSS: ni 1,5 kwa mia ya mushahara. Kwa ile pesa kidogo, mtu aliyeumia anapaswa kupata matunzo, kupata kitu cha kuishi wakati hawezi kufanya kazi, na kupata renti kama amebaki kilema.

Sasa yule mwenzetu wa vidole viwili, juu ya nini hakupata kitu? Juu hakuandikwa popote. Alikuwa journalier. Alifika asubuhi, akalipwa jioni. Kwa karatasi, hakuwepo.

Hapa tunaomba kila kijana asome vizuri, na amusomee jirani yake. Kode ya Kazi, kifungu cha 40, inasema juu ya mtu wa kibarua cha siku kwa siku: kama ameshafanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kazi mbele ya ile miezi miwili haijaisha, sheria inamuhesabu kuwa na mkataba usio na mwisho. Siku 22! Wangapi kati yetu tumefanya siku 40, 45, tukiitwa kila asubuhi kama wageni? Hawatuambii juu wanajua tukijua tutauliza mkataba, na mkataba unaleta CNSS, na CNSS inaleta maulizo juu ya mashine.

Na juu ya ile, mwezi wa Juni 2022, Shirika la Kazi la Dunia liliingiza mazingira salama na yenye afya kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Congo ni mwanachama. Haiwezi kusema haijasikia.

Yale wanayotujibu

Wanatujibu: mashine mpya ni bei kali. Ni kweli, kiwanda cha kisasa cha matofali si kitu cha kununua na pesa ya mfukoni. Lakini kontakta, kifungo chekundu, kifuniko cha mukanda na bomba la maji si kiwanda. Na tunawauliza: vidole vinagharimu ngapi? Tofali letu liko bei rahisi juu kuna mtu anamalizia bei yake na mwili wake. Kama tofali litaongezeka franka kidogo juu mikono ya watu ibaki mizima, tutalilipa.

Tena kuna mashine za kisasa ambazo haziombi umeme hata kidogo. Presi ya mukono iitwayo CINVA-Ram ilitoka Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, na mpaka leo dunia nzima inaiiga. Unaweka udongo uliochanganywa na simenti kidogo, unavuta mpini, tofali linatoka limeshindiliwa. Linakauka polepole, halichomwi. Hakuna kulala karibu na tanuri usiku ukivuta moshi, na miti ya pori letu haiishi yote kuwa makala. Fundi chuma wa Lubumbashi mwenye mufano mbele yake anaweza kuitengeneza.

Wanatujibu tena: mashine italeta shomaji. Wanatuambia hivi sisi, watu wa shomaji! Hatutawadanganya: presi kubwa inafanya kazi ya mikono mingi, na mupango wowote wa kuleta mashine unapashwa kusema wale wa zamani watafundishwa nini na watawekwa wapi. Lakini kifuniko cha mukanda hakijawahi kufukuza mtu kazi. Bomba la maji halichukui nafasi ya mtu. Mashine nzuri inaomba fundi umeme, mekanisien, mtu wa kupima ubora. Wale watu wapo, wametoka shuleni, wako wanauza vitengo vya simu kando ya barabara.

Na wanatujibu mwisho: wafanyakazi hawako makini. Mtu ambaye amebeba mizigo toka saa kumi na mbili asubuhi, tumbo tupu, saa tisa ya mchana hawezi kuwa makini kama saa ya kwanza. Ndiyo maana mashine nzuri inatengenezwa kwa kumlinda mtu aliyechoka. Ile inayolinda tu mtu asiyechoka haimlindi mtu.

Tunaomba nini

Kwanza, wenye briketeri, shantie za mabloki na kareri: mbele msimu haujaendelea, fungeni kontakta na kifungo chekundu kwa kila mashine ya umeme, funikeni kila mukanda na kila gia, na mulete maji kwa kila konkasera. Andikisheni watu wenu kwa CNSS. Na mtoto mwenye umri wa shule asionekane akibeba matofali.

Pili, Inspeksheni ya Kazi ipange ziara katika hizi shantie msimu huu, na matokeo yatangazwe ili kila mtu ajue mashine gani imefungwa juu ya hatari na gani imetengenezwa.

Tatu, na hapa ndipo kuna nguvu kubwa: anayenunua. Jimbo linajenga. Komini zinajenga. Kode ya Madini ya 2018 inayalazimisha makampuni ya madini kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yao juu ya maendeleo ya jamii, na ile pesa inajenga shule na vituo vya afya. Zile shule zinajengwa na matofali ya nani? Tunaomba kila mkataba wa pesa ya watu uandike wazi: tutanunua tu kwa yule ambaye mashine zake ni salama na wafanyakazi wake wameandikwa. Siku ile sharti litakapoandikwa, wenye shantie wenyewe watakimbia kutafuta fundi umeme.

Ine, FPI, mufuko unaolishwa na takse juu ya kuendeleza viwanda, ufungue mikopo midogo kwa shantie ndogo zinazotaka kubadilisha mashine. Mikopo isiende tu kwa wakubwa wenye kujuana. Na INPP pamoja na Fakilte ya Polytechnique ya UNILU watengeneze mufano mmoja wa presi salama na wa kifuniko, wauache wazi, kila fundi aukopi bure.

Tano, sisi wenyewe. Nunua kakaye kadogo. Kila siku ya kibarua, andika tarehe, mahali, saa na pesa uliyolipwa. Wenzako wawili waandike vilevile. Ukifika siku 22 katika miezi miwili, unajua haki yako, na karatasi iko. Kabla ya kuingiza mkono katika mashine iliyozimika, shusha swichi kwa mkono wako, ao toa fizi, na umwambie mwenzako asimame pale asiachie mtu kuigusa. Kuran inaweza kurudia wakati wowote. Na kama mashine iko wazi, kataeni pamoja. Mmoja akikataa anafukuzwa, lakini kumi wakikataa patroni anatafuta bati na fundi wa kuchomelea.

Jumamosi zinazokuja tutapita katika shantie za komini zetu, tukiongea na wafanyakazi na na wenye mali kwa heshima, tukiwa na karatasi moja yenye mambo manne: kontakta, kifuniko, maji, CNSS. Yeyote aliyesoma umeme, mekanike ao sheria, aje na sisi. Diploma yako ambayo inalala kwa sanduku, kuna kijana ameshika betoniera leo asubuhi ambaye anaihitaji.

Vijana wa Haut-Katanga